Mstari Mmoja

Jumatatu, 13 Januari

Ziwa limefungwa tangu mwezi wa kumi na mbili. Hakuna kuvua mpaka mwezi wa tatu. Vichanja vya kukaushia chisense, dagaa wetu, viko tupu, mbuzi wanalala juu yake. Mama anauza nyanya badala ya samaki, na biashara ya nyanya haijui — anazipanga kwa hasira kana kwamba zimemkosea. Kaka yangu, Yaya Dédé, anashinda kitandani na simu yake, anaandika, anafuta, anacheka peke yake.

Mimi ninangoja matokeo ya darasa la kumi na mbili.

Leo kliniki. Ninaenda Jumatatu na Alhamisi kumsaidia muuguzi, Sista Mpundu, kuzungumza na Wakongomani wenzetu. Wengi wao hawajui Kibemba, lugha ya huku, na Kiswahili cha Sista ni cha sokoni tu: bei gani, punguza, ongeza kidogo. Hakiwezi kumuuliza mtu mambo ya kitandani. Basi ninayauliza mimi. Mimi, niliyeshindwa kusoma ukurasa mmoja mbele ya darasa! Ninaitazama kalenda ya ukutani na kuiuliza kalenda. Leo mzee mmoja kutoka kwenye makazi ya wakimbizi amesema, "Mutoto, miye niko huku. Ile kalenda haikulala na mutu." Benchi zima limecheka. Sista Mpundu amecheka mpaka akashika mlango. Nilitamani sakafu inimeze.

Nimerudi na kipimo cha mate, kile cha kujipima virusi vya UKIMWI. Dédé aliniomba tangu wiki iliyopita. Anasema rafiki zake wanaogopa sindano, anataka kuwaonyesha kwamba hiki hakichomi. Sista amenipa bila kuuliza mengi. Kijana wa kiume akitaka kipimo mwenyewe, anasema, mpe kabla hajabadili mawazo.

"Fanya weye kwanza, mudogo, nione," Dédé ameniambia. Nikapitisha kijiti kwenye fizi, juu mara moja, chini mara moja, nikakisimamisha kwenye kichupa chake. Dakika ishirini. Mstari mmoja — sina kitu. Nilijua. Nina miaka kumi na minane na hakuna mvulana aliyewahi hata kunishika mkono. Lakini moyo ulikuwa unapiga kama wa mwizi.

Dédé amekipiga picha juu ya meza, kwenye kile kitambaa cha plastiki chenye mananasi. "Ya kuwapa moyo wale waoga," amesema.

Nimefurahi. Labda ninafaa kitu.

Jumatano, 22 Januari

Mvua. Nyanya zinaoza.

Dédé alitaka kipimo kingine, juzi nikakileta kutoka kliniki. Nimemwambia sasa ni zamu yake, mimi nilishamwonyesha. Akafungua kinywa: "Utaona nini humu? Bukari na mboga tu. Mate yako njo ya mutu wa shule, inatoka muzuri kwenye picha." Alinifanya nicheke. Dédé anaweza kumchekesha hata mtu wa kodi.

Nimefanya. Mstari mmoja tena. Safari hii ameweka karatasi pembeni yenye tarehe ya leo, ameiandika kwa mkono wake. Nimeuliza tarehe ya nini. Amesema, "Bon, batu wanapenda kitu freshi."

Sijaelewa. Nimeandika hapa ili nikumbuke kwamba sikuelewa.

Jumanne, 28 Januari

Nimefaulu.

Ninaandika neno hilo kwanza kwa sababu leo ningepaswa kuandika hilo tu. Baiolojia nimepata moja, alama ya juu kuliko zote. Kiingereza mbili. Mama amepiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Ameniwekea kanga yake mabegani.

Matokeo yanaangaliwa kwenye intaneti, na simu yenye intaneti ni ya Dédé. Alinipa akaenda kuoga. Nikaingiza namba yangu ya mtihani. Nikaona alama zangu. Nikiwa bado ninaziangalia — ujumbe ukashuka juu ya skrini. Sikuwa ninatafuta! Kidole kiliugusa.

Mananasi yetu. Kipimo changu. Karatasi yenye tarehe ishirini na mbili.

Chini yake Dédé ameandika kwa Kibemba: Nilipima jana, niko safi, wewe je? Na mwanamume amejibu kwa picha ya kipimo chake, mstari mmoja pia. Halafu: basi mimi na wewe hatuna haja ya kondomu.

Nilipandisha juu. Afadhali nisingepandisha. Ni programu ya wanaume kutafutana. Kila mmoja ana picha bila kichwa — kifua, shati, viatu — na umbali aliko: kilomita mbili, kilomita hamsini. Watu wa hapa! Mmoja nimemtambua kwa viatu vyake, sitaandika ni nani. Dédé jina lake humo si Dédé. Picha yangu ya kwanza, ile ya tarehe kumi na tatu, ameituma kwa watu wanne.

Sijui niandike neno gani juu ya Yaya. Kanisani kuna neno, barabarani kuna baya zaidi, na polisi wana lao la kumfungia mtu. Nitaandika tu: Yaya anapenda wanaume. Nimeandika. Mkono haukukauka.

Lakini hilo silo linalonizuia kupumua. Linalonizuia ni hili: kwa nini hakutumia mate yake mwenyewe?

Alhamisi, 30 Januari

Nimemuuliza. Tulikuwa ufukweni, tumekaa juu ya mtumbwi uliogeuzwa, hakuna mtu karibu. Siku mbili nzima nilikuwa ninajifunza sentensi moja na ilipofika haikutoka. Nikasema tu, "Mananasi."

Alinitazama. Hakuuliza mananasi gani.

Ana virusi miaka miwili na nusu sasa, amesema. Alipima ng'ambo, Kilwa ya Congo, na dawa alikuwa anachukua hukohuko, mahali ambapo hakuna anayemjua. Kila miezi mitatu alipanda boti na chumvi na sabuni, akarudi na samaki. "Samaki juu, dawa chini, ndani ya kikapu kimoja. Hata Mama aliibeba kichwani, hakujua."

Na sasa?

"Sasa ziwa limefungwa."

Nikamwambia ziwa limefungwa kwa samaki, halikufungwa kwa watu. Boti za abiria zinavuka! Akanicheka, lakini si kicheko chake. "Nani anavuka bila biashara, mudogo? Mama atauliza: unaenda kutafuta nini? Batu ya bandari watauliza. Kapita wa boti atauliza. Miye nitajibu nini — ninaenda kuoga?" Mwezi wa tisa walimpa za miezi mitatu. Alitaka kurudi kabla ziwa halijafungwa. Boti ikaharibika mashine, wiki ikapita. Kidonge cha mwisho alimeza tarehe tisa ya mwezi wa kumi na mbili.

Kwa hiyo dawa yake ina msimu. Inafunguliwa na samaki, inafungwa na samaki. Miaka miwili iliyopita pia alikaa hivihivi, mwezi wa kwanza na wa pili, bila kumeza. Alidhani ni kipindi kifupi, haidhuru.

Kwenye ukuta wa kliniki imeandikwa kwa herufi kubwa: anayemeza dawa kila siku mpaka virusi visionekane, hamwambukizi mwenzake. Ninaitafsiri kila Jumatatu! Nikamwambia. Akasema anajua, daktari wa Kilwa alimwambia mwezi wa tisa kwamba vyake havionekani tena. Basi mwezi wa tisa hakuwa hatari kwa mtu yeyote, na alikuwa anajificha kama mchawi. Sasa ni hatari, na anatuma picha.

Kwa nini, Yaya? Kwa nini husemi?

Amesema aliwahi kusema, mara moja tu. Aliandika ukweli kwenye programu: ninao, ninameza dawa. Miezi miwili hakuna aliyejibu. Halafu mmoja akapiga picha maneno yake, akayaweka kwenye kundi la WhatsApp, na chini yake wakaandika: huyu muogopeni, ni kaburi linalotembea. "Nikamuua yule mutu wa kwenye programu. Nikamuzaa mwingine. Donc huyu mupya hana ugonjwa." Na sasa wote wanataka picha yenye tarehe. Hakuna picha, hakuna kuonana. "Yangu ni bongo, uongo mutupu. Na zao? Nani anajua? Labda kila mumoja iko na dada."

Sikulia mbele yake. Nimelia njiani, kwa ajili ya wale wanne, na kwa ajili yake, na — aibu! — kwa ajili ya baiolojia yangu.

Jumatatu, 3 Februari

Nimemwomba ajiandikishe kliniki yetu. Nitambebea dawa mwenyewe, hatakaa kwenye benchi hata dakika moja. Amekataa. Mafaili yanashikwa na mama mmoja, Bamayo Katongo, na Bamayo Katongo anaimba sauti ya kwanza na Mama kwenye kwaya. "Jumatatu nitaandikwa, Jumapili nitaombewa kwa jina."

Nimemwambia basi aende Chienge, huko hawamjui. Amesema ndiyo. Anasema ndiyo kwa haraka sana.

Ameomba kipimo cha tatu. Nimesema hapana. Ni mara yangu ya kwanza kumwambia Yaya hapana. Sauti ilitoka ndogo lakini ilitoka. Amenipiga kofi dogo la upendo begani. "Hakuna neno, Madame Professeur. Tarehe inaweza kubadilishwa kwenye simu."

Hivyo hapana yangu haikuzuia kitu.

Jumamosi, 8 Februari

Dédé ameondoka asubuhi kwenda Mununga. Amemwambia Mama anakwenda kuuliza bei ya chumvi. Amevaa shati la bluu. Amepiga pasi mpaka kola.

Jumapili, 9 Februari

Amerudi wakati tunatoka kanisani. Anaimba. Amemnunulia Mama mkate.

Ameniita nyuma ya nyumba. Hawezi kunyamaza. Anaitwa Lloyd, ni mwalimu wa shule ya msingi Mununga, anafundisha darasa la kwanza. Walikuwa wakiandikiana tangu mwezi wa kumi na moja. Jana jioni wameonana kwa mara ya kwanza. Alimpikia. Alimwonyesha madaftari ya watoto wake, wanavyoandika herufi kinyume. "Huyu njo mutu, mudogo. Shi kifua bila kichwa. Mutu."

Sijawahi kuuona uso wake hivyo. Kama taa iliyofutwa kioo.

Nikauliza, "Ulimwambia?"

Taa ikazimika.

Nikauliza la pili. Lile la kondomu, ninaloiuliza kalenda kila Jumatatu. Nilimuuliza akiwa amenitazama, na mimi nikimtazama. Alisema, "Aliiona picha. Yeye mwenyewe njo alisema hakuna haja."

"Picha yangu."

"Ndiyo. Yako."

Alikaa chini kwenye matope na shati lake la bluu.

Jumatatu, 10 Februari

Siku ndefu. Nitaandika kwa mpangilio, la sivyo nitachanganyikiwa.

Asubuhi nilimngoja Sista Mpundu awe peke yake. Nikasema, kuna mtu amekutana na mtu mwenye virusi asiyemeza dawa, bila kinga — amechelewa? Nilijua kidogo, nilitaka kusikia kutoka kwake. Akasema kuna dawa ya kuzuia. Lazima ianze ndani ya siku tatu, saa sabini na mbili, na kila saa inayopita inapunguza nguvu. Kidonge kimoja kwa siku, siku ishirini na nane. Baada ya siku tatu, hakuna tena.

Jumamosi jioni. Jumapili jioni. Leo jioni. Kesho jioni — mwisho.

Nikasema naomba hiyo dawa. Akasema dawa haipewi "kuna mtu". Inapewa jina. Mtu aje. Nikasema hawezi kuja, yuko mbali. Sista akaamka, akafunga mlango, akainama mbele yangu mpaka macho yake yakawa chini ya macho yangu. Akauliza kwa Kibemba, polepole: ni wewe, mwanangu?

Ningesema hapana, angeuliza ni nani. Na nikisema ni nani, nimemtoa Yaya na mwalimu wa watu, wote wawili, kwa siku moja.

Kichwa changu kikainama chenyewe. Ndiyo.

Alinikumbatia. Alilia! Sista Mpundu, anayetaniana na kila mtu. Aliuliza ni nani alinifanya hivyo, kama alinilazimisha, twende polisi pamoja, yeye atanishika mkono. Nikasema nitafikiri. Nililia pia, na machozi yalikuwa ya kweli, ila sababu niliyompa ilikuwa ya uongo. Alinichoma kidole. Mstari mmoja. Ni mara ya tatu mwili wangu unatoa ushahidi kwa ajili ya mtu mwingine.

Vidonge ishirini na nane. Alivihesabu mbele yangu, akaviweka kwenye chupa nyeupe. Alitaka nimeze cha kwanza palepale. Nikamwambia tumbo ni tupu, nitameza nyumbani na chakula. Akaniamini. Akaandika kwenye kitabu: Arlène, miaka kumi na minane. Bamayo Katongo akaja kuchukua kitabu. Alisoma. Alinitazama, akatazama tumbo langu, sijui kwa nini tumbo.

Nilimpa Dédé chupa. Aliifungua, akatoa kidonge kimoja, akakigeuza kwenye mwanga. "Hii njo ileile," amesema. "Hii njo dawa yangu."

Sikuwa nimejua. Dawa ya kumzuia Lloyd asiupate na dawa ya kumtunza Dédé ni kidonge kimoja. Kimoja! Na chupa ni moja.

Nikamwambia si yako, ni ya Lloyd, na lazima umwambie kesho, umpelekee mwenyewe. Wewe kesho kutwa nenda Chienge, wewe bado una wakati. Yeye hana. Alikubali kwa kichwa. Alikuwa amekishika kile kidonge kama mtu anayeshika mkono wa mtu aliyemkosa muda mrefu.

Halafu jioni, mezani. Mama alirudi kutoka mazoezi ya kwaya. Hakunawa. Alisimama.

"Arlène. Ule mwanaume ni nani?"

Nilimsogezea beseni la kunawa.

"Batu wananiambia nimelea binti, kumbe nimelea maneno ya sokoni! Ulipewa dawa ya nini? Nani? Ni mutoto wa nani?"

Dédé alikuwa na tonge la bukari mkononi. Nilimtazama. Mara moja tu. Sikumwomba kwa macho, ninaapa, nilimtazama tu. Alichovya tonge kwenye mboga. Akalila. Akachovya lingine.

"Nijibu!"

Nikasema, "Hakuna mtu, Mama."

Alichukua ile kanga aliyoniwekea siku ya matokeo — ilikuwa kwenye kiti changu — akaikunja vizuri, pembe kwa pembe, akaenda nayo chumbani kwake. Hakunipiga. Afadhali angenipiga.

Jumanne, 11 Februari

Mununga. Niko kwenye darasa la kwanza, nimekaa kwenye dawati la mtoto, magoti yananigusa kidevu. Ninaandika kwa sababu siwezi kuinua macho.

Asubuhi Dédé hakuamka. Nilimtikisa. Akasema, na uso wake ukutani, "Peleka weye. Miye siwezi kumuona akinitazama." Chupa alikuwa ameshaifunga kwenye kitambaa, mafundo mawili. Amenielekeza shule. Nilipofika mlangoni ameniita: "Mudogo." Nikangoja. Amevuta shuka juu ya kichwa.

Mama alikuwa anapanga nyanya. Nilimsalimia. Aliendelea kupanga.

Barabara imekatika mahali pawili kwa mvua. Pikapu tuliyopanda ilizama, tukashuka, tukasukuma, tukazama tena. Niliomba jua lisimame. Wakati wanaume wanakata matawi ya kuweka chini ya magurudumu, nilikaa pembeni nikafungua kitambaa, ili tu nihakikishe kifuniko hakijalegea. Chupa ilikuwa nyepesi.

Kumi na vinne.

Nilivihesabu kwenye paja langu mara tatu. Yaya amegawa katikati. Kumi na vinne kwake, kumi na vinne kwa Lloyd, bila kuonea, kama alivyokuwa akinigawia muwa tulipokuwa wadogo. Alikuwa akipima kwa jicho, akinipa mimi nichague kwanza.

Nusu haimtoshi huyu. Nusu haimfikishi yule mwezi wa tatu. Nilitaka kumchukia na sikuweza kumaliza.

Nimefika saa kumi kasoro robo. Watoto walikuwa wametoka. Alikuwa peke yake anafuta ubao — mrefu, mwembamba, chaki mpaka kwenye nyusi. Nikamwambia kwa Kibemba ninatoka kwa Dédé. Hakuniacha nimalize. "Wewe ni Arlène! Uliyepata moja kwenye baiolojia!" Akapiga makofi, peke yake, darasa tupu. Dédé alimwambia habari zangu zaidi kuliko zake mwenyewe. Akavuta dawati, akalipangusa kwa mkono wa shati lake. "Kaa, mulamu," akasema. Shemeji! Kisha akashtuka, akatazama mlangoni, akacheka kwa aibu na kujifunika mdomo. Ana pengo dogo kwenye meno.

Nilifungua kinywa. Hakuna kilichotoka. Ninajua maneno yote kwa lugha tatu, hiyo ndiyo kazi yangu! Hakuna.

Akadhani nina kiu. Akaniletea maji.

Nikampa karatasi. Niliiandika alfajiri, kwa Kibemba, mistari minane. Kwamba kipimo kwenye picha ni changu mimi. Kwamba Dédé anavyo virusi na hajameza dawa tangu mwezi wa kumi na mbili. Kwamba hii ni dawa ya kuzuia, ianze leo kabla jua halijazama, kidonge kimoja kila siku, siku ishirini na nane. Kwamba ninaomba msamaha. Kwamba tafadhali asiende polisi.

Anasoma sasa. Amesimama karibu na dirisha ili apate mwanga.

Alianza akitabasamu. Nilimwona kwa pembe ya jicho, bado ana tabasamu la kunikaribisha. Sasa sitazami tena, ninatazama daftari langu. Nje mtu anapita na baiskeli. Amegeuza karatasi, anaangalia kama kuna kitu nyuma. Nyuma sikuandika kitu. Ameigeuza tena, anaanza upya kutoka juu, na kidole chini ya kila neno kama anavyowafundisha.

Ameketi kwenye dawati la mbele yangu. Tumekaa kama wanafunzi wawili. Ninasikia pumzi yake.

Hajapiga kelele. Ningependa apige.

Ameuliza saa ngapi, nimesema saa kumi na robo. Ameuliza Jumamosi ilikuwa saa ngapi — si mimi anayeniuliza, anajiuliza mwenyewe. Anahesabu kwa vidole. Nimesema kliniki ya hapa bado iko wazi, anaweza kwenda. Amenionyesha kwa kidevu kupitia dirishani: iko ng'ambo ya uwanja wa shule, na kwenye benchi lake wamekaa akina mama na watoto waliotoka sasa hivi darasani mwake. Wanampungia mkono. Amewapungia.

Amefungua kitambaa. Fundo la kwanza. La pili limemsumbua, ametumia meno.

Amemeza kimoja kwa maji aliyoniletea mimi. Mungu, asante. Kimoja kimeingia, jua bado liko juu.

Sasa amemimina vilivyobaki kwenye dawati. Anavipanga viwili viwili, kama wanavyohesabu mbegu darasa la kwanza. Anasema namba kwa sauti. Kumi. Kumi na mbili. Kumi na tatu.

Anatikisa chupa. Anachungulia ndani. Anachukua karatasi yangu, anaweka kidole kwenye ishirini na nane.

"Vingine viko wapi, mulamu?"